MJADALA: Winning Eleven ya PS2 ilikuwa bora kweli, au utoto wetu ndio unaoisifia?

Mleta mada

Wadau, kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi. Nilifufua PS2 yangu, ile mashine ya gemu ya PlayStation 2, nikamwita mpwa wangu wa miaka 13 aje aonje soka la enzi zetu. Nikaweka Winning Eleven 10 ya mwaka 2006, ile ambayo Ulaya iliuzwa kwa jina la PES 6. Nikampa Inter makusudi, apige na mshambuliaji wao Adriano, maana nguvu ya shuti lake ilikuwa 99 na mabanda yote ya gemu yalilijua hilo.

Dakika kumi tu, kijana akaweka pedi chini. "Mjomba, mbona wachezaji wote wana sura moja?" Kisha akauliza Merseyside Red ni timu gani. Nikamwambia ni Liverpool, Konami, waliotengeneza gemu hiyo, hawakuwa na haki ya kutumia jina. Na London FC? Chelsea. Akanyamaza, akachukua simu yake.

Niliumia. Usiku nikacheza peke yangu ili nijihakikishie kwamba yeye ndiye aliyekosea. Baada ya mechi tatu nikachoka. Mtangazaji anarudia maneno yaleyale, mashabiki jukwaani wamekaa kama picha ya ukutani. Na mimi ndiye niliyebishana vijiweni miaka yote kwamba haijatengenezwa gemu ya mpira kuishinda ile.

Kwa hiyo nasema hivi, na mnipinge kwa hoja: tunachokisifia hakimo ndani ya CD. Kimo kwenye lile banda la mabati, TV za chogo mbili, watu kumi wamebanana kwenye benchi la watu watano. Sheria ilikuwa moja, anayefungwa anapisha. Ukifungwa ulikuwa unasubiri hata saa nzima, na hela uliyolipia huenda ilikuwa nauli yako ya kurudi nyumbani. Bao la dakika ya 89 kwenye mazingira hayo lazima likae kichwani hadi uzeeni. Mpwa wangu ana mechi zisizo na idadi mkononi mwake. Akifungwa, anaanza nyingine.

Watafiti wa kumbukumbu wanasema mambo ya umri wa kati ya miaka 10 na 30 hivi ndiyo watu wazima huyakumbuka kwa wingi kuliko ya vipindi vingine vya maisha. Kumbukumbu hiyo ina nguvu, lakini si shahidi wa kuaminika. Mnakumbuka tulivyokuwa tunapuliza kaseti za gemu ya Contra zikigoma? Tuliapa kwamba pumzi ndiyo inayoziponya. Kumbe kilichosaidia ni kuichomoa na kuirudisha, vyuma vikakutana vizuri. Pumzi ilikuwa inapeleka unyevu na kutu, na Nintendo wenyewe, waliobuni mashine za kaseti hizo, walikataza. Yule mtoto aliyeamini habari ya kupuliza ndiye huyohuyo anayenishuhudia leo kwamba Winning Eleven haina mpinzani.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu, kwa heshima, hapo nakukatalia. Mimi sikuwa mtoto. Nilianza kucheza PES 6 nikiwa na miaka 29, nina mke na mtoto, nikitoka zamu bandarini usiku. Ni utoto gani basi unaonidanganya?

Ile gemu ilikuja kamili. Ukiwa na CD yako na memori kadi ya megabaiti 8, hakuna aliyekudai kitu tena. Hukuhitaji intaneti wala kununua mchezaji kwa pesa za ziada. Konami hawahawa walipoleta eFootball 2022, Septemba 30, 2021, ilikuwa na kasoro za aibu, sura za wachezaji zimepinda hadi zikawa kichekesho dunia nzima, na kampuni ikaomba radhi. Novemba ya mwaka huohuo kampuni ya Rockstar ikatoa upya zile gemu tatu za GTA za zama za PS2, na San Andreas ikiwemo. Zilitoka mbovu, wakaomba radhi nao, wakarudisha sokoni matoleo ya zamani ya kompyuta waliyokuwa wameyaondoa. Wateja walilalamika kwa sababu waliweka mbili mezani wakaona ya zamani inashinda. Huko ni kupima, ndugu yangu.

Nyie mliokulia kwenye mabanda mna hatari ya pili ambayo hamuioni. Mnaogopa sana kuonekana wazee, basi mnaikana hata haki yenu. Pasi ya PES 6 ilikuwa inataka akili. Ukiibonyeza huku mchezaji amegeuza mgongo, mpira unapotea, na ni kosa lako. Hilo halitokani na benchi wala mabati.

Mchangiaji, fundi wa televisheni, Morogoro

Mkuu mleta mada, ulimwekea kijana kwenye TV gani? Kama ni bapa, basi hajaiona gemu uliyoiona wewe.

Chogo huchora picha mstari kwa mstari, mwanga unasambaa kidogo, kingo zinalainika. Waliotengeneza gemu za wakati ule walizijaribu kwenye kioo cha namna hiyo. Ukichomeka zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, kwenye TV bapa, picha ndogo inavutwa kujaza kioo kikubwa na sura zinavurugika. Tena TV inachelewa kidogo kuitafsiri ile ishara, unabonyeza shuti na mguu unakwenda baadaye.

Mfano mzuri ni ile ya kupiga bata kwa bastola, Duck Hunt. Ukivuta, kioo kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, halafu panatokea mraba mweupe pale alipo bata, na jicho lililomo ndani ya bastola linauona. Kwenye TV bapa mraba unachelewa, kwa hiyo hupati hata bata mmoja. Nimeletewa bastola hizo zitengenezwe, nazo hazina ubovu wowote.

Tafuta chogo kwanza, ndipo umhukumu mpwa wako au ujihukumu.

Mchangiaji, Kigamboni

Kaka zangu, nimesoma habari za benchi na banda. Mimi banda nililijua kwa dirishani. Nilitumwa kumwita kaka yangu, nikasimama nje nikitazama, kwa sababu msichana kuingia mle ilikuwa ni maneno mtaa mzima. Mkisema "enzi zetu", tafadhali mjue ni enzi za nani.

Mimi nilicheza nyumbani, kwenye mashine ya kaseti ya bei rahisi, ile ambayo kaseti imeandikwa gemu maelfu na ukifungua ni zilezile chache zinarudiwa. Mwaka jana nikamwonyesha binti yangu wa miaka 7 mbili nilizozipenda. Contra aliiacha mara moja, na mimi mwenyewe niliona tabu ile nilikuwa naivumilia kwa sababu hatukuwa na nyingine. Lakini Super Mario Bros. ya 1985 hakuiacha. Kile kiuyoga cha kwanza kikamuua, akarudi, akaruka, akaelewa. Hakuna aliyemweleza neno. Gemu nzima ni kilobaiti 40, mawingu na vichaka ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi, na kesho yake akaiulizia. Yeye hana kumbukumbu ya kumdanganya. Ndiye ninayemwamini, kuliko mimi na kuliko nyie.

Hili si suala la kijiweni tu. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani. Kampuni zikirudisha chache, zinarudisha zile zinazoliliwa na wenye sauti. Aliyekuwa dirishani hakuzizoea, kwa hiyo hazililii, na alizocheza yeye nyumbani hakuna anayeziulizia.

Mleta mada

Fundi, ilikuwa bapa, inchi 43. Jirani yangu ana chogo stoo, nimemwomba, Jumapili tunarudia mimi na mpwa wangu, nitaleta majibu hapa.

Kaka wa Mombasa, miaka 29 umenishika. Sina pa kutokea, hiyo pasi nakupa. Ila benchi silitoi: nilipocheza peke yangu usiku ule, pasi ilikuwa ileile na nikachoka.

Dada, banda letu nalo lilikuwa na dirisha, upande wa kushoto, juu ya ndoo ya maji. Nimekaa chini yake miaka minne na sikuwahi kugeuka kuona nani amesimama nje.