Anayesema "tera zimelingana, basi mafaili yanafanana" asiguse seva yoyote nchi hii

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Nikikosea herufi mnivumilie.

Yule bwana mnamjua. Kila ofisi ina wa kwake, ila huyu wa kwetu ndiye baba yao wote.

Tuna seva mbili pacha, moja Dar, moja Dodoma. Nyaraka zilezile zinatakiwa zikae kote kote, hii ikifa ile ishike. Mwezi uliopita diski ya Dodoma ilijaa, unakili ukakwama kimya kimya. Nani aligundua? Mimi. Nani amekesha? Mimi. Mikesha MITATU, natoa SHA-256 ya kila faili (alama inayokokotolewa kutoka yaliyomo; yakibadilika hata kidogo, nayo inabadilika) upande huu, natoa upande ule, nalinganisha. Kila faili herufi na tarakimu 64. Ukiniamsha saa tisa usiku nitakutajia e3b0c442 bila kukosea, maana ndivyo inavyoanza alama ya faili tupu, na Dodoma nimeikuta hadi nikaichukia. Mengine mabaya zaidi: ukubwa uleule, tarehe ileile, ukifungua, katikati ni sifuri tupu.

Nimepeleka orodha kikaoni, imechapwa, imepangwa. Bwana yule hakuishika. Kafungua folda ya Dar, kabofya kulia kuona ukubwa, terabaiti 3.4, yaani tera 3.4. Kafungua ya Dodoma, tera 3.4. Kageuka, chapati mdomoni, mbele ya watu wote mpaka dada wa uhasibu: "Tera zimelingana. Kijana ametuhesabia mafaili siku tatu kama mtoto wa chekechea."

Watu WAKACHEKA.

Chapati mdomoni, wakuu! Hata hakumeza kwanza! Mtu huyu ukimpa magunia mawili ya kilo mia, moja mchele moja mchanga, atakwambia pika lolote.

Bakapu_ya_Bibi: Pole mkuu, ila mikesha mitatu? diff, amri ya kuonyesha tofauti za mafaili mawili, hujaisikia? Panga orodha mbili kwa jina la faili, pitisha diff, dakika moja umelala.

Mwenye uzi: Nani kasema nimelinganisha kwa macho? Hiyo diff ndiyo niliyotumia. Muda unaliwa na kusoma diski, baiti kwa baiti, tera tatu na ushee, na mchana siruhusiwi kwa sababu watu wako kazini. Halafu mtu anabofya kulia mara mbili, anatafuna, anasema chekechea. CHEKECHEA!

Mzee wa Rafu: Kijana yuko sahihi. Hata rsync yenyewe, programu ya kunakili na kusawazisha mafaili, usipoipa -c ilinganishe yaliyomo, inaangalia ukubwa na saa ya kubadilishwa tu, viwili vikilingana inalipita faili. Iko tangu 1996 na watu hawajasoma maelezo yake.

Chumvi_Kidogo: Kwa hiyo tatizo ni seva, chapati, au dada wa uhasibu? Mbona yeye tu ndiye katajwa cheo?

Bakapu_ya_Bibi: 😂😂 Hapo ndipo penye uzi. Mafaili ni kisingizio.

Mwenye uzi: Nimemtaja kwa sababu malipo ya watu yamo humo humo kwenye mafaili yaliyooza! Na sikilizeni: kasema leo jioni "atasawazisha mwenyewe dakika mbili". Kutoka Dodoma kwenda Dar. Na --delete juu. DODOMA, kwenye matupu! Kila kilichopo Dar ambacho Dodoma hakikufika kitafutwa!

Mzee wa Rafu: Zuia sasa hivi. Mwambie aanze na -n, itamwonyesha itakachofuta bila kugusa kitu. Na wewe nakili Dar pembeni kabla ya jioni.

Mwenye uzi: Diski ya nje iko mezani, naanza. Hiyo -n nimemwambia. Unajua kanijibu nini? "Si tera zimelingana?" Na bado anatafuna!

Tangawizi: Heri yako wewe umechekwa tu. Wetu kawasha DFSR, ile ya Windows Server ya kusawazisha folda kati ya seva, matawi mawili bila kumwambia mtu. Mimi na mwenzangu tukahariri ripoti moja, kila mtu kwake. Wa mwisho kuhifadhi ndiye anashinda, yangu ikatupwa kwenye folda iliyofichwa ya ConflictAndDeleted. Nimepewa barua ya onyo kwamba sikuandika ripoti. BARUA, mkuu, iko kwenye jalada langu mpaka leo.

Chumvi_Kidogo: Si ungeitoa huko?

Tangawizi: Ile folda ina kikomo, ikijaa inajisafisha yenyewe. Nilipoambiwa ipo, ilishasafishwa.

Msafiri wa Mombasa: Nyinyi mwalia barua. Huku kwetu mkubwa alichomoa seva akachomeka birika. Mchana kweupe. Twamuuliza, atwambia "si iko nyingine?" Nayo hiyo nyingine ilikuwa imezimwa tangu Ijumaa.

Bakapu_ya_Bibi: Birika 😂😂😂 Uzi umepata mfalme wake.

Mwenye uzi: Jamani, mimi naongelea chekechea

Chumvi_Kidogo: Mombasa, hiyo chai ilikuwa ya maziwa au ya rangi?

Msafiri wa Mombasa: Ya maziwa. Na mahamri. Hakutubakishia hata moja.

Tangawizi: Hakubakisha? Huyo ndiye wa kupewa barua.