Nina fotokopi ya hukumu ya mtu aliye hai. Niitumie kwenye wasifu wake?

Kamalondo_Andika
Jambo ndugu zangu. Naandika wasifu wa mfanyabiashara mmoja wa hapa Lubumbashi, Kongo, kwa ajili ya Wikipedia ya Kiswahili. Mzee yu hai, duka lake liko wazi kila siku. Juzi jamaa mmoja kaniletea, bila mimi kumwomba, fotokopi ya hukumu ya mwaka 1988: kurasa nne, muhuri wa grefe (ofisi ya karani wa mahakama) umefifia ila unasomeka, na jina la mzee liko pale, kahukumiwa kwa kula fedha alizokabidhiwa. Hakuna gazeti lililowahi kuigusa habari hii. Najiuliza, kuna chanzo gani kinachoishinda tribinali? Lakini tangu nilipoandika ile aya moyo hautulii.

MamaKatuba
Usiiweke, mwanangu. Ana wajukuu shuleni.

Avoka_Ruashi
Mdogo wangu, hukumu inathibitisha kwamba siku ile tribinali ilisema hivyo. Yaliyofuata haikuambii. Kwenye kesi za jinai mtu ana siku 10 za kukata rufaa, na uamuzi wa rufaa unakaa kwenye faili nyingine kabisa. Umeiona? Umeona cheti cha grefe kwamba hakuna aliyekata rufaa? Ibara ya 17 ya Katiba yetu ya Kongo ya 2006 inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. Na usijifiche nyuma ya neno "kesi husikilizwa hadharani". Ni kweli, lakini kifungu cha 74 cha sheria ya adhabu kinampa siku 8 hadi mwaka 1 gerezani anayemtwisha mtu hadharani, kwa nia mbaya, jambo mahususi la kumvunjia heshima.

Mhariri_Kenya
Naongeza upande wa uandishi. Wikipedia ya Kiingereza, kwenye kanuni zake za wasifu wa watu walio hai, inakataza waziwazi kutegemea kumbukumbu za mahakama kudai jambo juu ya mtu. Kama gazeti au redio ya kuaminika imeshaieleza kesi, hati inaweza kuisindikiza. Kwako hakuna iliyoieleza, kwa hiyo anayeamua kwamba mtu wa kwenye karatasi ndiye mzee huyu ni wewe peke yako.

Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mobutu alifuta majina ya ubatizo mwaka 1972, na hati nyingi za miaka ile zina majina ya asili tu. Mtaani kwako kuna akina Ilunga wangapi? Akina Kasongo je? Fungua ukurasa wa kwanza, tafuta mahali na mwaka wa kuzaliwa.

Kamalondo_Andika
Mkubwa wangu, umeme umekatika, nimeisoma kwa tochi ya simu. Imeandikwa alizaliwa Kamina, "karibu mwaka 1951". Mzee wangu alisema mwenyewe redioni kwamba alizaliwa Bukama, 1953.

Mhariri_Kenya
Basi hata kwamba ni yeye huna uhakika.

Kamalondo_Andika
Aya nimeifuta sasa hivi. Nashukuru Mungu sikuwa nimeichapisha. Karatasi nimrudishie jamaa?

MamaKatuba
Mrudishie. Lakini muulize kwanza ana shida gani na huyo mzee.

Kamalondo_Andika
Nimempigia, mama. Wanagombania kiwanja Kampemba.