Naomba ushauri: michezo ya miaka 18 kwenye vyumba vya play, Goma

Ndugu zangu wenye vyumba vya play, yaani vya kulipia kucheza PlayStation, mitaa ya Ndosho, Katindo na Birere, na wazazi pia, naomba mawazo.

Mchezo wa Grand Theft Auto V, uliotoka 2013, una alama ya PEGI 18, alama ya Ulaya ya umri: miaka 18 na zaidi. Alama iko kwenye kasha, lakini kasha halifiki mikononi mwa mteja. Mtoto wa miaka 9 analipa, anakaa, anachagua kwenye skrini.

PS4 (PlayStation 4) ina kizuizi cha umri katika mipangilio. Namba yake ya siri ya kiwandani ni 0000, na wengi hawaibadilishi. Hata ukiibadilisha, mtoto anafungua akaunti mpya au anaingia kama mgeni. Lazima uzuie hayo mawili pia; hapo ndipo watu wanasahau.

Sisemi mchezo unazaa muuaji. APA, chama cha wanasaikolojia cha Marekani, kilisema 2020 kwamba ushahidi hautoshi kuhusisha michezo hii na ukatili, ingawa kuna uhusiano mdogo na ukali kama kufokeana na kusukumana. Lakini watoto wetu walisikia risasi za kweli vita vilipoingia Goma Januari 2025. Hilo linaniumiza.

Sasa, mwenye chumba ahakikishe umri vipi kama mtoto hana karatasi? "Wazazi wake wanajua" inatosha? Kama kuna aliyegawa saa, mchana michezo ya mpira tu na jioni watu wazima, aliwezaje? Na skrini alizitenganisha kwa kitu gani, pazia au mbao? Maana anayecheza mpira shingo yake iko kwa jirani.