Naomba ushauri: baiskeli taratibu Taveta, ziwa Chala na ziwa Jipe, tukitokea Mombasa

Mtu_wa_Tudor

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi na mke wangu tunapanga kwenda Taveta mwezi wa Julai kwa siku nne, tuendeshe baiskeli polepole pande za ziwa Chala na ziwa Jipe. Hatukimbizani na mtu. Kilomita 20 hadi 30 kwa siku zinatutosha, tupate nafasi ya kusimama, kutazama Kilimanjaro na kununua ndizi njiani.

Baiskeli zetu mbili zinafanana: magurudumu ya inchi 26, sproketi moja ya meno 42 mbele, gia saba nyuma kuanzia meno 14 hadi 28, breki za raba, kerieri nyuma. Zimezoea kisiwani, yaani lami na tambarare. Naomba kujua: tuteremke Voi tuendeshe mpaka Taveta, au tufike Taveta kwa basi? Gia hizi zitapanda vilima? Na miiba ya kule tutaikabili vipi?

Binti_Mwatate

Waaleikum salaam kaka. Voi msianzie. Hapo hadi Taveta ni kama kilomita 110, na ukishapita Maktau barabara inakatiza ndani ya mbuga ya Tsavo West. Ndovu huvuka hapo mchana kweupe. Gari litasimama lingoje, au lirudi nyuma. Baiskeli haina kinyumenyume, na ndovu ana mbio kukushinda. Kipande hicho pitieni ndani ya basi.

Mkifika, Taveta iwe ndiyo maskani. Laleni hapo siku zote, mizigo ibaki chumbani, na kila asubuhi mtoke na maji, chakula na vifaa vya pancha tu. Kuhamahama na mizigo kwa safari fupi kama hii ni kujichosha bure.

Chala iko kama kilomita 10 kaskazini ya mji, upande wa barabara ya Njukini. Taveta iko takriban mita 750 juu ya usawa wa bahari, maji ya Chala takriban 880, na ukingo wa kreta uko juu zaidi ya hapo. Kwa hivyo kwenda ni kupanda pole pole, mkali ukiwa mwishoni, na kurudi ni kuteremka. Njia ya kushuka majini ni ya miguu, tena imesimama. Baiskeli ziacheni juu na mtu wa kuziangalia. Kuogelea hapana kabisa. Maji ni safi mno na yanatamanisha, lakini mamba wamo na wamewahi kuua mtu. Mkumbuke pia kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania umepita ziwani humo na vijia vya pembeni havina alama. Msijaribu kuizunguka kreta, na vitambulisho viwe mfukoni.

Jipe ni mambo mengine: kusini-mashariki ya mji, tambarare, vumbi na mashamba ya mkonge. Ziwa lenyewe lina kina kifupi, limejaa matete, na viboko wamo. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 50, ambazo zinapita kipimo chenu. Ushauri wangu: kodini pikapu iwapeleke saa kumi na mbili asubuhi na baiskeli nyuma, halafu mrudi mjini kwa kuendesha. Julai ni msimu wa kusi, na kusi hutoka upande huo huo wa Jipe, kwa hivyo mtarudi upepo ukiwasukuma mgongoni. Upande mmoja wa ziwa umo ndani ya mbuga. Mkiona lango, baiskeli zinaishia hapo.

Fundi_Majengo

Dada amemaliza habari ya njia. Sasa gia.

Gurudumu lako la inchi 26 likizunguka mara moja linasogea kama mita 2.05. Gia yako nyepesi kabisa ni 42 kwa 28, yaani pedali ikizunguka mara moja unakwenda mita 3.1. Mtu asiye na haraka huzungusha mara 60 kwa dakika. Hiyo ni kilomita 11 kwa saa, na mlimani ukiwa na mzigo huwezi kuishika. Utasimama juu ya pedali, magoti yataanza kuuma, kisha utashuka usukume. Si kwamba miguu ni dhaifu, gia ndiyo nzito.

Fanya hivi. Nyuma weka frii wili (lile fungu la meno la gurudumu la nyuma) ya gia saba ya 14 hadi 34. Mbele, kama sproketi yako imepigwa riveti kwenye mkono wa pedali (nyingi za bei nafuu ziko hivyo), hutaweza kuibadilisha peke yake. Nunua seti ya sproketi tatu, 24-34-42. Huhitaji kufunga kibadilishaji cha mbele. Mnyororo ukae kwenye 34. Hapo 34 kwa 34 unasogea mita 2.05, kilomita 7.4 kwa saa kwa mzunguko ule ule wa 60. Ukikuta mlima wa kweli, shuka, uhamishe mnyororo kwa mkono hadi 24, na sasa unapanda kwa kilomita 5 kwa saa umekaa kitini. Ukiwa kwenye 24 usitumie gia ndogo za nyuma, mnyororo utalegea na kugonga fremu.

Angalia pia ule mkono wa nyuma unaohamisha mnyororo. Ule mfupi wa baiskeli nyingi za gia saba unaishia meno 28. Ukiulazimisha 34, kigurudumu chake cha juu kitasugua meno na siku moja kitaingia kwenye spoki. Ununue mrefu pamoja na frii wili. Mnyororo nao upime: pingili 24 zikiwa mpya ni milimita 305 kasoro kidogo, zikifika 307, badilisha, la sivyo utaruka kwenye meno mapya.

Jambo linalosahauliwa sana hapa pwani ni chumvi. Baiskeli ya Mombasa kwa nje inang'aa lakini frii wili imegandana na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Itie mafuta ya kulegeza kutu ilale nayo usiku kucha, bana spana ya frii wili kwenye jiliwa (kile kibanio cha mezani), kisha zungusha gurudumu lenyewe kinyume cha saa. Ukitumia spana ya mkono utavunja vijino vyake. Nguzo ya kiti nayo ing'oe leo, ipake grisi, irudishe. Waya za breki vuta zote nje. Ukiona kutu hata kidogo, weka mpya. Kutoka Chala mtateremka mkiwa mmetegemea waya hizo.

Kongowea_Spea

Kuhusu miiba. Kule kuna ya aina mbili, na kila moja ina dawa yake. Mwiba wa mgunga ni mrefu, hupenya tairi lolote la kawaida. Mbigili ni mdogo, wa pembe pembe, hulala pembezoni mwa njia ya vumbi, na unaweza kuokota kumi kwa mpigo. Kwa hivyo msiendeshe ukingoni kabisa, na mkipumzika zibebeni baiskeli, msiziburure majanini.

Wekeni dawa ya maji ya kuziba tyubu, mililita 120 kwa kila gurudumu la 26. Tyubu ziwe za valvu nene kama ya gari. Faida ni mbili: kichwa cha valvu kinafunguka dawa ipite, na pampu yoyote ya kituo cha mafuta au ya fundi wa bodaboda itaingia.

Pamoja na dawa, bebeni tyubu mbili nzima, viraka kumi, na solusheni mbili ambazo hazijafunguliwa. Solusheni ikishatobolewa, joto la kule litaikausha upesi. Kuziba kwenyewe watu wengi hukosea mahali pamoja, haraka. Kwaruza kwa msasa, paka solusheni nyembamba pana kuliko kiraka, ngoja dakika tano mpaka isinate kwenye kidole, ndipo ubandike na kukandamiza. Kama tyubu ina dawa ndani, ikaushe kwa kitambaa kwanza, maana kiraka hakishiki palipo na majimaji. Na kabla ya kurudisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Mwiba uliobaki humo ndio unaoleta pancha ya pili baada ya mita mia.

Upepo wa tairi: lami psi 45 mbele na 50 nyuma, njia ya vumbi punguza tano tano. Ukiona pancha yenye matundu mawili sambamba, huo si mwiba. Upepo ulikuwa mdogo na rimu imeibana tyubu kwenye jiwe.

Ngazi_ya_Kwale

Kuna njia ya bei ndogo zaidi: pasua tyubu kuukuu kwa urefu, uilaze kati ya tairi na tyubu mpya. Hapo dawa ya nini?

Fundi_Majengo

Inasaidia kwa mbigili, ndugu yangu, sikatai. Ila kingo za ile tyubu iliyopasuliwa zikiwa nene husugua tyubu mpya, na baada ya siku chache unapata tundu dogo usiloelewa limetoka wapi. Ukiitumia, kingo zichonge kwa msasa ziwe nyembamba na unyunyize poda ya kutosha. Mwiba wa mgunga utapita vyote viwili. Kwa siku nne, dawa.

Mtu_wa_Tudor

Shukran sana, Fundi na wote. Mke wangu anauliza mawili: baiskeli zipakiwe vipi kwenye basi zisivunjike, na maji kiasi gani?

Kongowea_Spea

Ng'oa pedali kwa spana namba 15. Ya kulia hufunguka kinyume cha saa, ya kushoto hufunguka kufuata saa; wengi huikaza zaidi wakidhani wanafungua, mpaka nyuzi zinaharibika. Geuza usukani ulale sambamba na fremu. Toa gurudumu la mbele, na katikati ya foku (uma unaoshika gurudumu hilo) uweke kipande cha mbao cha sentimita 10 ukifunge, isije ikabanwa na mizigo ya watu. Ilaze upande usio na mnyororo. Bei ya mzigo mwelewane na utingo kabla haijapandishwa.

Binti_Mwatate

Maji, hesabu nusu lita hadi robo tatu kwa saa kwa kila mtu. Siku ya Jipe kila mmoja abebe lita nne na asitegemee kupata njiani. Kwenye lita moja tieni vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa ajili ya jua la saa tano. Kilimanjaro huonekana alfajiri, kisha mawingu huifunika, kwa hivyo siku ya Chala saa kumi na mbili na nusu muwe barabarani. Jioni, saa kumi na moja muwe mjini. Viboko na ndovu wa upande wa Jipe hutembea giza likianza kuingia. Chandarua msisahau. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Taveta, barabara za mjini hujaa malori na mikokoteni ya ndizi. Siku hizo tokeni mapema zaidi.

Mtu_wa_Tudor

Nimeandika yote. La mwisho: tujipime wapi hapa karibu kabla ya Julai?

Ngazi_ya_Kwale

Vuka Likoni, nenda mpaka Kombani, kisha panda barabara ya Kwale. Mlima wake unazidi wa Chala. Nendeni Jumapili saa kumi na mbili asubuhi magari yakiwa machache, na kerieri iwe na kilo nane. Mkiwa kwenye gia nyepesi, mjaribu kuzungumza. Mnaweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi, gia zinatosha. Mkishindwa, mrudisheni Fundi kazini kabla hamjakata tiketi.