Nilimwambia napanda mapaa, akaniuzia plaizi ya kukunja yenye ala ya boksi

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Jumamosi iliyopita nilishuka Kariakoo kununua plaizi ya kukunja, ile zana moja yenye plaizi, kisu, msumeno mdogo, tupa na bisibisi zote ndani ya mpini, pamoja na ala yake ya kuvaa kwenye mkanda. Nimetoa shilingi 95,000. Jumanne saa nne asubuhi zana hiyo iliporomoka kutoka juu ya bati la nyumba ya ghorofa moja, ikatua hatua moja kutoka kwa kijana ninayemfundisha kazi. Dakika moja kabla ya hapo alikuwa amechuchumaa palepale ilipotua, anafungua roli ya waya.

Mimi ni fundi wa sola. Muuzaji alilijua hilo kwa sababu nilimwambia kwa mdomo wangu kabla sijagusa pochi. Nilimwambia: "Ndugu yangu, nafunga paneli, kutwa nzima nipo juu ya mabati, nataka kitu cha kiunoni kisichonisumbua, maana nikishuka ngazi kila nikitaka bisibisi siku inaisha." Akanijibu: "Bosi, umefika. Hii ndiyo wanayotumia mafundi wakubwa. Chuma cha pua, ala ngozi halisi, hutarudi hapa kuniuliza." Akaipiga piga kwenye kioo cha kabati ili nisikie uzito wake.

Niwaambie kwa nini nilikuwa tayari kutoa hela hiyo. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na plaizi ya kukunja ya Leatherman aliyoachiwa na mkandarasi mmoja wa minara ya simu. Nimeitumia ile zana kwa miaka. Wengi mnajua habari yake: Tim Leatherman alikuwa anazunguka Ulaya mwaka 1975 na gari bovu la Fiat, ana kisu tu mfukoni, kila kitu kinaharibika na hana plaizi. Aliporudi kwao Portland, Oregon, akakaa miaka kadhaa akihangaika kuunda zana ya namna hii mpaka mwaka 1983 ndipo ya kwanza ikauzwa. Mpaka leo kampuni yake inatoa dhamana ya miaka 25. Ile ya mzee ilikuwa imechubuka kila mahali, lakini ukiikunjua hailegei, ukikata waya unasikia "kacha" mara moja basi. Mpya ya aina hiyo huko Marekani inapita dola 100. Sina uwezo huo kwa sasa, nami sikutegemea kupata kitu kama kile kwa 95,000. Nilitegemea kupata kitu cha kazi.

Nyumbani usiku ule nikaikalia kitako. Nikaifungua plaizi nikaielekeza kwenye taa. Midomo ikifumbwa hupaswi kuona mwanga katikati. Hapa mwanga unapita kuanzia katikati mpaka karibu na ncha, na sehemu ya kukatia nayo haikutani sawasawa. Nikajaribu waya wa sola, ule wa 4mm wenye nyuzi nyembamba nyingi. Ilikata nusu, nusu nyingine ikaishia kubanwa, nikawa nazungusha waya mkononi mpaka ukatike kwa kuchoka. Nilipoangalia makali nikakuta tayari yana mbonyeo. Wakuu, ile ni shaba. Shaba imeacha alama kwenye kitu kinachoitwa chuma kigumu.

Nikachukua tupa yangu ya zamani nikaipitisha taratibu kwenye mgongo wa kisu. Chuma kilichopashwa moto na kupozwa inavyotakiwa, tupa inateleza juu yake kama kwenye kioo. Hapa tupa iliuma, ikatoa unga. Maana yake kile kisu hakijawahi kuona moto wa kukigumisha. Na kwa wale mtakaouliza kama nilijaribu sumaku dukani: ndiyo, muuzaji mwenyewe alinionyesha, akaniambia inashika kwa hiyo ni chuma chenyewe. Sumaku haisemi lolote hapo. Chuma cha visu, hata kisichoshika kutu, karibu chote kinashikwa na sumaku, kizuri na kibaya. Kile cha masinki ya jikoni ndicho ambacho mara nyingi hakishikwi. Msidanganywe kwa sumaku kama nilivyodanganywa mimi.

Msumeno, kifungulio cha soda, kijibisibisi cha miwani, hivyo sivisemi. Havikunileta hapa.

Kufuli la kisu je? Ni kile kibati chembamba cha ndani kinachoruka na kukaa nyuma ya kisu ili kisijikunje vidoleni. Kwenye hii kinakaa pembeni kabisa, kimeshika kwa unene wa ukucha. Nikaweka mgongo wa kisu kwenye ukingo wa meza nikasukuma kidogo tu, bila nguvu, vidole vikiwa mbali. Kikajikunja. Sasa mtu anayemenya ganda la waya akisukuma kisu mbele, kikijikunja kinakuja moja kwa moja kwenye kidole cha shahada. Hapo nilikuwa nimekwishaudhika, lakini nikajisemea nitatumia bisibisi na plaizi tu, kisu sitakigusa.

Halafu nikaligeuza boksi. Nyuma kuna picha ya fundi umeme ameshika zana ileile kwenye ubao wa breka, na chini yake imeandikwa 1000V kwa rangi nyekundu. Wakuu wa umeme mnajua uzito wa maandishi hayo. Zana ya kufanyia kazi kwenye umeme hai ina mpini uliofunikwa kwa plastiki nzito, na alama ya pembetatu mbili pamoja na hiyo 1000V imechapwa kwenye zana yenyewe, kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60900. Hii yangu mpini wake ni chuma kilichopakwa rangi nyeusi. Nikachukua mita ya umeme, nikaiweka kwenye kupima mlio, ule unaolia umeme ukipata njia ya kupita, ncha moja kwenye mdomo wa plaizi, nyingine kwenye mpini pale rangi ilipokwaruzika kidogo. Ikalia. Inalia kuanzia mdomoni mpaka kiganjani. Mimi siwezi kuishika kwenye umeme hai kwa sababu nimesoma kazi hii. Kijana wa mtaani anayejifunza kwa macho, akisoma boksi lile ataamini. Aliyeandika 1000V pale amemwekea mtu kifo mkononi, na aliyeileta nchini na aliyeipanga kabatini wote wameshiriki.

Sasa ala.

Najua wengi mtasema ala ni mfuko tu, zana ikiwa nzuri mfuko si kitu. Kwa mtu wa ofisini sawa. Kwa sisi tunaopanda, ala ni nusu ya zana. Plaizi ile ina uzito wa karibu robo kilo, ina ncha, na kati yake na kichwa cha mtu aliye chini hakuna kitu kingine zaidi ya ule mkanda wa ala na kifungo chake. Ndiyo maana nilimwuliza muuzaji habari za ala mara mbili. Mara mbili. Akaivuta mbele yangu, akaikunja, akaninusisha. Inanukia ngozi kweli. Imepigwa muhuri wa maneno ya kwamba ni ngozi halisi.

Jumanne nilikuwa kazini Kigamboni. Paneli sita, bati la mgongo mpana, jua kali lakini upepo upo. Nimeshafunga reli mbili. Nikachuchumaa kufikia boliti ya chini, nikasikia kiunoni kitu kama karatasi inachanika. Sauti ndogo sana. Kabla sijapeleka mkono, ikapiga bati "kwaa", ikateleza kwenye mfereji wa bati kama mtoto kwenye bembea la kuteleza, ikapita ukingo. Nikapiga kelele jina la kijana. Nilichosikia baada ya hapo ni mlio wa sakafu ya kibaraza, kisha kimya. Kile kimya, wakuu, sitakisahau. Mpaka aliposema "Kaka, nipo," magoti yangu yalikuwa yamekwisha nguvu, nikakaa juu ya bati la moto bila hata kuhisi moto wake.

Sakafu imechimbika mahali padogo kama punje ya hindi. Plaizi ikakatika ncha. Kiunoni kwangu kimebaki kipande cha mkanda wa ala peke yake, kimeng'ang'ania kwenye mkanda wa suruali kama lebo. Kifungo bado kilikuwa kimefungwa vizuri. Hakikufunguka. Ni ala yenyewe iliyoachana na mkanda wake.

Kazi ilisimama siku nzima. Kijana alikuwa anatetemeka anasema yuko sawa, nikamrudisha kwao mwenyewe. Mama yake aliniuliza kulikoni mbona mapema, nikamweleza ukweli. Alinitazama tu, hakusema neno.

Jioni nikapeleka ala kwa mzee anayeshona viatu pale mtaani kwetu, maana nilitaka mtu anayejua ngozi aniambie. Aliishika, akaikunja mara moja, akanitazama. Akachukua wembe akafungua mshono wa pembeni. Ngozi unayoijua ukiikata unaona nyuzinyuzi zake, zimeshikana, huwezi kuzivuta. Hapa ukingo ulifunguka tabaka tabaka. Juu utando wa plastiki uliopigwa chapa ya vinyweleo ili ufanane na ngozi. Chini yake unga wa ngozi uliogandishwa kwa gundi, ndiyo ile harufu iliyonipumbaza. Na katikati, ili ala isimame imara kabatini, boksi. Karatasi ngumu ya boksi, ile ya rangi ya kaki, kwenye kipande kimoja kilikuwa na herufi mbili zilizochapwa. Mzee akaichomoa kwa ncha ya wembe akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na unyevunyevu. Jasho la kiuno changu la siku mbili limeshaingia humo.

Akaniambia: "Mwanangu, uzi haukukatika, uuone huu hapa mzima. Matundu ya sindano ndiyo yameungana. Karatasi ukiitoboa toboa mstari mmoja, si unaichana?" Mshono wenyewe ulikuwa mmoja tu, hauna hata ribiti moja pale mkanda unaposhika uzito wote. Yeye angeweka mishono miwili na ribiti nne, na akaniambia kwa ngozi ya ng'ombe na kazi yake angenifanyia kwa 15,000. Nimemlipa anitengenezee moja. Ninayo sasa hivi, na imetobolewa tundu la kupitishia kamba ya kufungia zana kiunoni, jambo ambalo nitalilazimisha kwa kila anayepanda na mimi kuanzia sasa.

Jumatano nikarudi dukani. Sikuenda na matusi, nilienda na vipande vyote, na boksi, na mita yangu. Yule muuzaji alinikumbuka. Nikamweleza habari ya kijana. Jibu lake: "Pole sana bosi, lakini si unaona hapo?" Akanyoosha kidole ukutani, kwenye kile kibao cha kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia aishike mita apime mwenyewe hiyo 1000V. Akakataa kuishika. Akasema wao wanapokea mzigo kutoka kontena, hawaandiki maboksi. Nikamwomba basi atoe zile nyingine kabatini, zilikuwa nne. Akacheka, akamgeukia mteja mwingine. Nilipotoka zilikuwa bado zimepangwa palepale, na jamaa mmoja amevaa ovaroli ya gereji anaulizia bei.

Kibao kile hakifuti sheria. Sheria yetu ya mauziano ya bidhaa inasema ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kuifanyia kitu, ukautegemea ujuzi wake, naye ni mtu anayeuza bidhaa za aina hiyo, basi kitu hicho lazima kifae kwa kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo ipo kumlinda mnunuzi, na ndiyo inayowapa Tume ya Ushindani, FCC, kazi hiyo. Mimi nilimweleza kazi yangu neno kwa neno. Kosa langu moja ni kwamba nilipokea risiti ya kuandikwa kwa mkono badala ya kukomaa na ya EFD, ile mashine ya kodi. Ina muhuri wa duka, ina tarehe, imeandikwa "plaizi ya kukunja na kava ya ngozi". Maneno hayo kayaandika yeye.

Najua kuna watakaojibu kwamba nimetaka cha bei chee nikapata cha bei chee. Naomba mnisikilize. Kama angeniambia ni ya kutundika sebuleni au ya kufungulia soda, ningeacha au ningenunua kwa bei ya soda. Mtu akiwa maskini ana haki ya kununua kitu hafifu akijua ni hafifu. Nilichonunua mimi ni maneno yake, na maneno hayo ndiyo yaliyopanda juu ya bati na mimi. 95,000 kwa fundi wa kawaida ni kazi ya siku kadhaa.

Ala iliyopasuliwa, kipande cha boksi, zana iliyovunjika ncha, boksi lenye 1000V na risiti, vyote nimevitia kwenye mfuko mmoja, hela zangu zirudi au zisirudi. Ijumaa asubuhi nakwenda FCC. Nataka zile nne zitoke kabatini. Kama kuna aliyewahi kupeleka malalamiko ya bidhaa pale, aniambie anaanza na nani, na kama risiti ya mkono yenye muhuri wanaipokea.