Chumba kidogo cha mtumba (1:12): nakipambaje kwa Krismasi bila kukiharibu?

Kijumba
Habari zenu wakuu. Nina chumba kidogo cha mtumba, cha maonyesho kama vya nyumba ya wanasesere, sanduku la mbao: upana sm 40, kina sm 28, kimo sm 25, mbele kuna akriliki (plastiki ngumu angavu kama kioo). Kina dirisha moja na meko ya ukutani. Karatasi ya ukuta imeachia kwenye kona, na nyuma zimetokeza waya mbili, transfoma hakuna. Muuzaji alisema ni 1:12, yaani sm 1 humu ni sm 12 za chumba halisi. Nataka mti, taa na theluji dirishani, na Januari nivitoe vyote bila kuacha madoa. Nianze na nini?

SeremalaMdogo
Anza kwa kupima mlango, maneno ya muuzaji yaweke kando. Mlango wa mita 2 kwenye 1:12 hutoka kama sm 17. Ukikuta sm 8 na kidogo, hiyo ni 1:24 na vipimo vyote vinagawanywa kwa mbili.

Kama ni 1:12 kweli, dari lako ni sawa na mita 3, hivyo mti wa sm 15 hadi 18 unatosha. Wa sm 23 utaingia, lakini chumba chote kitaonekana kimefinywa. Mapambo ya mti yawe shanga za mm 4 au 5. Shanga ya mm 10 humaanisha mpira wa sm 12, jicho linaukataa mara moja.

Vumbi litoe kwa brashi laini kavu, toka dari kushuka. Kitambaa chenye maji kisiguse karatasi, rangi za zamani huchuja. Kona zilizoachia zipake gundi nyeupe ya mbao kwa ncha ya kijiti cha meno, kisha zikandamize kwa kibao ulichokifunga karatasi ya kuokea ili kisinate.

Volti3
Mkuu, waya hizo usizichomeke popote kwanza. Mifumo mingi ya taa za vyumba hivi ni ya volti 12, na LED ya volti 3 ukiiunga humo moja kwa moja inaungua. LED nyeupe moja kwenye volti 12 inataka risista (kidude cha kupunguza mkondo wa umeme) ya kama ohm 1,000.

Kwa msimu mmoja, mimi ningeziacha kabisa. Chukua uzi wa LED za rangi ya joto unaotumia betri bapa kama sarafu, CR2032, kasha lake ulifiche ndani ya boksi la zawadi chini ya mti. Kasha liwe la skrubu: mtoto akimeza betri hiyo inaunguza koo ndani ya saa chache tu.

GundiNaRangi
Supagluu isikaribie akriliki. Mvuke wake huacha ukungu mweupe ambao kitambaa hakiutoi. Ile gundi laini ya kubandikia mabango nayo huacha doa la mafuta kwenye karatasi. Tumia nta ya kushikiza vitu vya maonyesho, tonge dogo kama punje ya mtama.

Theluji ya chumvi hunyonya unyevu na kutia misumari kutu. Kata plastiki angavu kwa kipimo cha dirisha, igongegonge kwa sponji yenye rangi nyeupe kidogo sana, zaidi pembe za chini, kisha ichomeke. Januari unaichomoa.

Kijumba
Asanteni sana. Mlango ni sm 17. Meko ni ya mtindo wa Kiingereza, enzi za Malkia Victoria.

ZamaZaChumba
Basi fuata zama hizo, dada. Jumba la sanaa la Art Institute of Chicago, Marekani, lina vyumba vidogo 68 vya Bi. Thorne, aliyevibuni, vingi vya kipimo hikihiki, na vichache hupambwa kila msimu wa sikukuu za mwisho wa mwaka kulingana na enzi ya kila chumba. Uingereza mti ulienea baada ya picha ya Victoria na familia yake gazetini mwaka 1848, lakini taa za umeme mtini zilianza New York mwaka 1882. Kwa hiyo weka mishumaa: kata ganda la waya mweupe mm 8, acha uzi mmoja wa shaba utokeze juu kama utambi. LED zako zifiche nyuma ya kuni za mekoni, zitoe mwanga wa moto.

Juu ya meko tandaza majani yaliyokatwa mm 4 toka mti bandia, yafungwe kwa waya mwembamba.