Naomba ushauri: kile kiwaya cha springi cha kushikia kioo cha taa kinapatikana wapi?

MgosiMakini
Habari za saa hizi wakuu. Nina taa ya kuning'iniza ya zamani, ya mafuta, ile yenye kivuli kikubwa cheupe cha kioo kama bakuli lililofudikizwa. Kivuli hakijatobolewa popote, hakina skrubu hata moja. Kimeshikwa na waya mmoja tu, unene wa spoku ya baiskeli, umekunjwa ukatoa miguu mitatu, na ncha zake mbili zimerudi juu kama masikio ya sungura. Ukiyabana masikio kwa vidole, miguu inajikusanya, unaipitisha kwenye shingo ya kioo. Ukiachia, inatanuka na kukishika kioo kwa ndani. Kazi ya sekunde mbili.

Sasa huo waya umekatika. Nimezunguka maduka ya Ngamiani kutwa nzima, wananitazama kama naulizia pembe za punda. Unapatikana wapi? Nina haraka, mwisho wangu Jumapili.

Kombamwiko77
Nakaa siti ya mbele. Ngoja waje wenye taa zao.

FundiNyamaza
Dukani huupati. Ila kuutengeneza ni kazi ya nusu saa ukiwa na waya unaofaa. Maswali mawili. Kipenyo cha shingo ya kioo ni kiasi gani? Na ulikatikaje? Waya wa aina hiyo hukaa miaka na miaka, haukatiki kwa kuning'inia.

BiMwanakheri
Umenikumbusha mbali mwanangu. Kwetu Lushoto kufuta chemni ilikuwa kazi yangu kila jioni kwa sababu mkono wangu ndio uliokuwa mdogo kupita wote. Gazeti kavu, jivu kidogo, halafu unapulizia pumzi. Ole wako uguse na kitambaa kibichi taa ikiwa bado ya moto. Paa! Unasikia tu mlio, na mama tayari ameshafika mlangoni na upawa. Kioo kipya kikinunuliwa tulikichemsha kwanza kwenye sufuria ya maji ya chumvi, tukakiacha kipoe humohumo mpaka asubuhi. Mpaka leo sijui kama ilikuwa inasaidia, lakini mama aliamini.

MvitaMkongwe
Na sisi Mombasa twasema kandili. Marehemu nyanya yangu alikuwa nalo la Feuerhand, la Mjerumani, kioo chake hakikupata kuvunjika mpaka alipofariki. Wajerumani wale wana kioo cha borosilikati, ndiyo elimu ya Otto Schott, mkemia wa vioo wa Jena, tangu miaka ya 1880. Hakitanuki ovyo kikipata moto. Vijana wa leo hata hamjui mlichokuwa nacho.

Kombamwiko77
Mzee Mvita, kaulizwa waya.

MgosiMakini
Asanteni. Fundi, kipenyo ni cha kawaida tu, kama cha taa zote. Kuhusu kukatika, nilikuwa nauweka sawa. Ulikuwa umelegea, kivuli kimeinama upande.

FundiNyamaza
"Kawaida" si kipimo. Vivuli vya Kimarekani peke yake vina shingo za inchi 2 na robo, inchi 3 na robo, na inchi 4. Pima. Halafu uliuwekaje sawa? Kwa koleo au kwa moto?

MgosiMakini
Moto kidogo.

FundiNyamaza
Kidogo kiasi gani?

MgosiMakini
Niliuweka kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa mwekundu, nikaunyoosha, nikaukunja upya kwa ukubwa zaidi. Ulitii vizuri sana kwa kweli. Kisha nikauchovya kwenye ndoo ya maji upoe upesi. Nilipoyabana yale masikio ukalia "tik" ukawa vipande viwili.

FundiNyamaza
Hapo ndipo ulipoumaliza. Waya wa springi una karboni nyingi. Ukiufanya mwekundu ukauchovya kwenye maji, unakuwa mgumu na mkavu kama biskuti, ukiukunja tu unakatika. Ungeuacha upoe wenyewe taratibu, ungekuwa laini kama waya wa kufungia nondo: unakunja, haurudi. Kote kuwili springi imekufa. Waya wa aina hii hukunjwa baridi, basi.

Dada_Pingili
Wanaume na jiko la mkaa. Mume wangu alitaka kunyoosha fremu ya miwani yangu kwenye jiko. Sitaki kueleza zaidi.

MgosiMakini
Sawa, kosa nimeliona. Lakini labda waya wenyewe hauna maana tena. Kuna fundi jirani hapa ananiambia haya mambo ya kiwaya ni ya kizamani, tunatoboa pete ya shaba matundu matatu, tunatia skrubu tatu, tunabana kioo kutoka nje. Imara zaidi. Na humohumo tunapitisha waya wa umeme, inakuwa taa ya kisasa. Nimeshampa elfu kumi na tano ya kuanzia.

FundiNyamaza
Msimamishe. Shaba na kioo havitanuki sawa. Shaba hutanuka karibu mara mbili ya kioo cha kawaida. Kwenye shingo ya milimita 100, pete ikipanda joto nyuzi 60, tofauti yao ni kama unene wa unywele. Utasema ni ndogo. Lakini taa ikiwaka skrubu zinalegea, wewe unapanda kwenye stuli kuzikaza ikiwa bado ya moto, usiku inapoa, pete inasinyaa, na skrubu tatu za chuma zinasukuma kioo pointi tatu. Asubuhi unakuta ufa. Wapo wanaotumia skrubu na hazipasui, lakini wanazigusisha tu halafu wanarudisha nyuma robo mzunguko. Huyo jirani yako nina hakika anakaza mpaka mwisho. Ule waya ulikuwa unafanya hesabu hiyo peke yake: kioo kikisogea na wenyewe unasogea.

Ameshatoboa?

MgosiMakini
Tundu moja tu.

Kombamwiko77
"Tundu moja tu" 😂😂 kama mtu aliyekamatwa na kuku mmoja tu.

BiMwanakheri
Mwanangu, nikuulize kama mama. Hiyo taa ni ya nani? Maana mtu hakubali pete ya shaba ya babu yake itobolewe kwa haraka hivyo, na kuna jambo gani Jumapili?

MgosiMakini
Taa ni ya familia.

BiMwanakheri
Familia ya nani?

MgosiMakini
Ya mama mkwe. Baba yake aliachiwa na Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge. Aliniomba niirekebishe, sikuiba. Na kuitia umeme ni kumfanyia wema, mafuta ya taa bei yake mnaijua.

ShekheMtaratibu
Alikuomba urekebishe, hakukuomba ubadilishe. Hiyo ni amana, ndugu yangu. Nenda leo hii, kaa chini, mwambie mama nimeharibu. Ukweli unauma siku moja.

Dada_Pingili
Shekhe huyo mama humjui. Mimi wifi yangu alivunja hotpoti ya mama mkwe mwaka 2009, mpaka leo kwenye shughuli akitengewa chakula anawekewa sahani ya plastiki.

MvitaMkongwe
Sisi twasema mkwe huogopwa kwa mbali. Mimi niliwahi kumtengenezea mkwe redio ikashika stesheni moja tu, ya taarabu. Alifurahi.

KijiweNongwa
Wakuu samahani. Hii ni chai, hadithi ya kutunga, tena haina sukari. Nimetafuta nyuzi zake za nyuma. Mwaka jana huyuhuyu MgosiMakini aliomba ushauri akisema ana miaka 34, hajaoa, na mama yake anamsumbua kila Idi. Leo ghafla ana mama mkwe, ana taa ya Mgiriki, ana fundi jirani. Picha hakuna. Mtu ana taa ya ajabu hivyo anakuja bila picha? Leteni maandazi tunywe.

Kombamwiko77
Nilijua! Hadithi imenyooka mno. "Tik" ikawa vipande viwili, hahaha.

Dada_Pingili
Mimi nimeshatoa siri ya wifi yangu kwa ajili ya chai? Hamna haki.

MvitaMkongwe
Ya redio yangu lakini ni kweli.

FundiNyamaza
Iwe chai au isiwe, aliyeeleza waya ule ameushika mkononi. Yale masikio mawili ya kubana hayapo kwenye picha, mtu huyajua kwa vidole. Mgosi, kipenyo.

KijiweNongwa
Fundi na wewe ni akaunti yake ya pili?

MgosiMakini
Wakuu sipendi kuitwa mwongo. Ni mama mkwe mtarajiwa. Barua ya posa imeshapelekwa, wazee wetu wameambiwa waende Jumapili kuchukua jibu. Wiki iliyopita nilienda kusalimia, nikaona kivuli kimeinama. Mama akasema kimekuwa hivyo muda mrefu, hakuna wa kukigusa. Nikasema niachie mimi, hii ni kazi yangu, nimesoma chuo cha ufundi, VETA. Nikaishusha mwenyewe mbele ya mjomba wao.

Picha siweki kwa sababu binti yumo humu jukwaani na anaijua hiyo taa.

Kombamwiko77
Kama yumo humu si ameshasoma maelezo yote haya? 💀

FundiNyamaza
VETA ulisomea nini?

MgosiMakini
Ushonaji.

KijiweNongwa
Naondoa neno langu. Mtu anayetunga asingetunga ushonaji.

BiMwanakheri
Kumbe! Hilo ndilo ulilokuwa umelikalia tangu asubuhi. Kwa hiyo wazee wanaingia pale sebuleni, wanainua macho juu, ndoano tupu. Mwanangu, yule mama hakukupa taa kwa sababu ya kivuli kuinama. Anakutazama unavyoshika kitu cha watu.

ShekheMtaratibu
Na ulisema uongo kuhusu fani. Ndoa haianzi hivyo.

MgosiMakini
Shekhe, nilisema nimesoma VETA, sikusema nini. Na kuhusu tundu, mbona halionekani, liko upande wa ukutani. Tena nafikiri nikishaiweka umeme ikawaka, nani atatazama waya? Fundi jirani anasema kesho anamalizia mawili yaliyobaki.

Dada_Pingili
Bado anataka kutoboa! Taa inaning'inia katikati ya sebule, upande wa ukutani ni upi?

FundiNyamaza
Sikiliza, na uache kubishana. Elfu kumi na tano ihesabu imekwenda. Lile tundu liache, litie skrubu fupi ya shaba kichwa bapa, isifike kwenye kioo, itaonekana kama ilikuwepo siku zote. Umeme usiingize, hukuombwa. Siku wakitaka wenyewe, balbu ya LED ya wati chache haitakichosha kioo.

Waya: tafuta godoro kuukuu la springi, pale wanapouza vyuma chakavu hayakosekani. Kata koili moja, ikunjue polepole kwa mkono, usipate wazimu wa moto tena. Kona za miguu zikunjie kwenye mwili wa msumari wa inchi 6, usikunje kwa meno ya koleo, yanauchana waya na ufa unaanzia kwenye mchubuko. Ukikunja kona kali kama ya kiwiko itakatika, iache iwe ya mviringo. Ncha za miguu zigeuze juu kama ndoano ya samaki, ziko hivyo kwenye ule wa zamani, angalia vipande. Miguu itanuke kuzidi shingo kwa milimita chache, hiyo ndiyo nguvu ya kushika. Ikizidi sana unapasua. Vaa miwani, kipande cha springi kikiruka hakichagui jicho. Jaribu kwanza kwenye kikombe cha plastiki au kopo la rangi lenye mdomo sawa na huo, usianze na kioo chenyewe. Ukishaning'iniza, weka godoro chini usiku mzima ndipo uipeleke kwa watu.

Kopo la ukubwa gani, sijui, kwa sababu mpaka sasa kipenyo hujataja.

Kombamwiko77
Godoro limetoka springi, halafu linawekwa chini kukinga kioo. Godoro hili limeumbwa kuteseka.

BiMwanakheri
Na vile vipande viwili vya zamani usitupe. Vifunge kwenye karatasi umkabidhi mama pamoja na taa, useme ule wa mwanzo ulinikatikia mkononi nikatengeneza mwingine. Maneno hayohayo, usiongeze ya jiko.

ShekheMtaratibu
Ya jiko pia aseme.

MvitaMkongwe
Ya jiko asiseme.

MgosiMakini
Nimetoka kwa wauza vyuma, nina koili nne za godoro. Ya kwanza imeshakatika, nilikunja kwa koleo kabla sijasoma vizuri. Ya pili imekubali, ina miguu mitatu, mmoja mrefu kidogo. Fundi jirani nimemzuia, amekasirika, hela harudishi.

FundiNyamaza
Vizuri. Kipenyo?

MgosiMakini
Nimepima kwa rula ya mtoto wa dada. Milimita 98.

FundiNyamaza
Ndani au nje?